Kabla hujasema "mbegu imechoka", uliza mama yake alikuwa na umri gani

#1 Mmalila wa Ilembo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za mashamba.

Huku kwetu Umalila viazi vikikataa kuna sentensi moja tunayoitoa wote, mzee kwa kijana: "mbegu imechoka." Ukishaitamka, maneno yamekwisha. Unatafuta hela, unakwenda kununua mbegu kwa mtu mwingine, na hiyo nayo baada ya misimu miwili mitatu inachoka. Mimi nimeisema sentensi hiyo miaka kumi na moja. Msimu uliopita nimeona jambo shambani kwangu lililonifanya niache kuisema kirahisi, na ninaomba tulijadili kwa kina maana linagusa mfuko wa kila mtu anayelima huku juu.

Mwaka juzi mimi na shemeji yangu tulinunua gunia moja la mbegu ya Kikondo, aina ya viazi, tukagawana nusu kwa nusu. Kila mtu akapanda kwake. Mashamba yetu yanatazamana, katikati ni korongo tu. Shemeji alitenga matuta kadhaa kwa ajili ya mbegu, na majani yakiwa bado mabichi kabisa, kama siku tisini tangu kupanda, akaingia na panga akayafyeka yote. Majirani tulimshangaa, mtu anafyeka shamba ambalo bado linakua! Akaviacha viazi ardhini wiki mbili ngozi ikaze, akachimba, akavitandaza kwenye kichanja chini ya paa, penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua.

Mimi bei ilikuwa mbaya. Nikaliacha shamba likauke lenyewe, likakauka, nikaviacha viazi chini mwezi mwingine na zaidi nikimsubiri dalali. Lori lilipofika likabeba vikubwa, lumbesa kama kawaida. Vile vidogo visivyo na mnunuzi nikavijaza kwenye viroba nikaviweka darini, juu ya jiko. Hiyo ndiyo ikawa mbegu yangu.

Msimu ulipoanza nikapungukiwa, shemeji akanisaidia madebe manne. Kwa hiyo nilipanda siku moja, shamba moja, mbolea moja, vijana wale wale wakipanda: upande wa juu mbegu ya shemeji, upande wa chini yangu. Kumbukeni gunia la asili lilikuwa moja. Ukoo mmoja, idadi ya misimu ile ile.

Yangu ilitangulia kuota, nikafurahi. Kila shimo likatoa mashina sita, saba, membamba. Ya shemeji ilichelewa kama siku kumi, ikatoa mashina mawili au matatu manene.

Mwisho wa Januari mvua ikakata. Wiki tatu jua tupu. Wiki ya pili, saa saba mchana, pande zote mbili zilikuwa zimenyong'onyea. Jioni nikipita, upande wa juu umeinuka, upande wa chini umelala. Asubuhi na umande wake, wa chini bado umelala. Nikang'oa shimo moja kila upande nikayaweka juu ya kiroba nipate kuyatazama vizuri. La juu mizizi ilikuwa meupe, imeshuka chini, imeng'ang'ania udongo hadi nikaikung'uta kwa mkono. La chini mizizi ilikuwa mifupi kama ndevu za hindi bichi, imekaa palepale kwenye tuta, na kile kiazi mama kimebaki ganda lenye majimaji. Mvua iliporudi upande wa juu ukashika njia yake. Wa chini ulikuwa umeshageuka njano, na mvua haikuurudisha. Kuja kuchimba, wengi wa watoto wake walikuwa ukubwa wa ndimu.

Tangu hapo nimeuliza na kusoma kila nilichopata. Ninachosema ni hiki: mama, yaani mmea uliotoa mbegu, ana umri wake siku anapokupa mbegu, na umri huo unamfuata mtoto hadi kwenye jua la Januari. Sisi tunauita "kuchoka" pamoja na mambo mengine matatu manne, halafu tunashindwa kutibu hata moja.

Karibuni. Nani mwingine ameona?

#2 Binti Kilolo

Asante kaka kwa kuandika kwa utulivu. Mimi viazi nalima kidogo tu, zangu ni maharage, Kilolo huku. Mama yangu alikuwa na mtindo wake: maganda ya chini, yale yaliyotangulia kutoka na kutangulia kukauka, alikuwa akiyachuma mwenyewe kwa mkono, anayafunga mafungu na kuyatundika juu ya jiko. Hayo ndiyo mbegu. Maganda ya juu yaliyochelewa tulikuwa tunapika. Nilidhani ni desturi tu ya nyumbani. Baada ya yeye kufariki mimi nikawa napiga yote kwa pamoja na kuchota mbegu kwenye lundo. Kweli siku hizi maharage yangu yanaota kwa mapengo, na jua likikaza kidogo yanasinyaa mapema. Je, ni kitu kilekile?

#3 Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu wa Ilembo. Nimefanya kazi ya ugani Mbeya Vijijini na Rungwe hadi kustaafu, na huu uzi umenikalisha.

Ngoja nitenganishe maana umegusa mambo manne kwa pamoja, na shamba lako limepigwa na yote manne.

La kwanza ndilo hilo la mama. Mmea wa kiazi ukiwa mchanga kiasi unapeleka chakula chini kwa nguvu. Ukizeeka, majani ya chini yanaanguka, na kinachoshuka kinapungua. Lakini kuna kubwa zaidi. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wanapoleta virusi kwenye jani, virusi havifiki kwenye kiazi siku hiyo hiyo. Vinachukua siku kadhaa kusafiri kutoka jani hadi chini. Shemeji yako alipofyeka siku ya tisini aliikata njia hiyo. Uholanzi, nchi inayouza mbegu za viazi dunia nzima, wakulima wa mbegu huwekewa tarehe ya mwisho ya kuua majani, na sababu ni hiyo: vidukari wakianza kuruka kwa wingi, mama aondolewe mapema. Wewe ulimwacha mama yako hadi akafa kifo chake, kwa hiyo ulivipa virusi muda wote viliohitaji.

La pili ni umri wa kiazi chenyewe. Kiazi hakihesabu siku kama sisi, kinahesabu joto. Kikitoka ardhini kinalala, aina nyingi miezi miwili hadi mitatu. Kikiamka kinatoa chipukizi moja kwenye kilele, hilo linawazuia ndugu zake. Hicho bado kijana: ukikipanda kinachelewa kuota, kinatoa mashina machache, kinaishi muda mrefu. Kikikaa zaidi, macho mengi yanachipua kwa nguvu, na huo ndio umri mzuri wa kupanda kwa wengi wetu. Kikizidi hapo kinatoa machipukizi mengi dhaifu, kinaota haraka, kinazeeka haraka. Na kikizidi sana, kinatoa nyuzi kama nywele, au kinazaa vitoto vidogo palepale kwenye ngozi bila hata kutoa jani. Darini juu ya jiko, mwanangu, umekipa joto la miezi mingi kwa siku chache. Mbegu yako ilitangulia kuota kwa sababu ilikuwa mzee, na mzee huyo hakuwa na akiba ya kushusha mizizi. Ndiyo maana ulipoona mashina sita saba membamba ulifurahi, kumbe hapo ndipo ilikuwa pa kuhofia.

La tatu ni vizazi vya kurudia, misimu juu ya misimu, ugonjwa ukijilimbikiza. Hilo ndilo watu wengi wanalolijua kwa jina la kuchoka. Wewe na shemeji mlikuwa sawa hapo mwanzoni.

La nne limejificha na linaniuma kila nikiliona sokoni Isyonje: kuchukua vidogo vilivyobaki. Mmea wenye virusi unazaa viazi vidogo. Ukiuza vikubwa na kupanda vidogo, bila kujua umechagua watoto wa mama wagonjwa na kuwaacha wazima waende kwa walaji. Kidogo kutoka kwa mama mzima ni mbegu nzuri sana, ukubwa wa yai la kuku unatosha. Ila kikishaingia kwenye lundo huwezi kujua mama yake ni nani.

Binti Kilolo, marehemu mama yako alikuwa sahihi. Maganda yaliyotangulia yalijaa wakati mmea una majani yake yote. Yaliyochelewa yanajaa mama akiwa anamaliza, punje zinakuwa nyepesi, na mbegu nyepesi ya maharage inaota na mizizi dhaifu. Jiko nalo lilimsaidia: moshi na ukavu vilizuia wadudu wasibungue. Joto la jiko lililosaidia kukausha maharage ndilo lililozeesha viazi vya mwenzako, kwa sababu punje kavu ya maharage imelala usingizi mzito na kiazi ni kiumbe chenye maji kinachopumua.

#4 Kitonga Driver

Nasoma kimyakimya, nimebeba viazi barabara hii miaka mingi. Hiyo ya wakubwa kwenda Dar na wadogo kurudi shamba ni kweli kabisa.

#5 Mnyalu wa Mufindi

Kamwene wote. Mimi niko kwenye miche ya miti huku Mufindi, paini na mikaratusi. Nakubaliana na sehemu kubwa ila nataka kuweka angalizo: msichanganye umri wa miaka na umri wa ukuaji. Kwenye miti hilo linaonekana wazi kuliko kwenye viazi.

Ukichukua kipandikizi kwenye mche mdogo wa mkaratusi kinatoa mizizi. Ukichukua kwenye tawi la juu la mti mkubwa hakitoi, utakimwagilia hadi kioze. Hata kikitoa, mche wake unakua kama tawi la mti mzima, taratibu. Umri wa mama umemfuata mtoto, sawa na unavyosema. Lakini kata mti huohuo chini kabisa, ubaki kisiki. Machipukizi yanayotoka kwenye kisiki ni machanga, yanatoa mizizi vizuri. Yaani sehemu ya chini ya mti, iliyotangulia kuwepo kwa miaka, kwa ukuaji ndiyo changa kuliko kilele kilichotoka juzi. Ndiyo sababu bustani za mama, yaani miche tunayokatia vipandikizi, kwenye vitalu vya mikaratusi hukatwa fupi kila mara, zisipewe nafasi ya kukua na kukomaa. Wenzetu wa kahawa Mbozi wanaijua hiyo kazi, mti ukichoka wanaukata shina na unarudi kuzaa upya.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: mama akizeeka ndiyo basi, au anaweza kurudishwa?

#6 Mama Kitalu Tukuyu

Mnyalu umenichokoza vizuri. Kwetu parachichi mambo yanageuka upande wa pili, kwetu ukomavu wa mama ndio tunaoutafuta.

Mche wa mbegu tupu ya parachichi unaweza kukuweka miaka saba na zaidi hujaona tunda. Kikonyo, yaani kijiti cha kubebesha, cha Hass, aina ya parachichi, kilichotoka kwenye mti unaozaa, nikikibebesha kwenye mche wa mbegu ya kienyeji, mwaka wa tatu unaona maua na matunda. Kikonyo kimekuja na ukubwa wa mama yake. Ni kama binti aliyefundwa kabisa, anafika kwake anajua kazi.

Na kuna jambo linalonigusa kila nikiwaeleza vijana wangu wa kitalu. Miti yote ya Hass duniani, ya Rungwe, ya Njombe, ya Kenya, ya Meksiko, imetokana na mti mmoja uliooteshwa California nchini Marekani na mtu wa posta aliyeitwa Rudolph Hass, akaupatia hataza mwaka 1935. Mti ule mama ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi. Watoto wake hawajafa naye. Hapa kitaluni kwangu nina vikonyo ambavyo kwa ukoo vina karibu miaka mia, na vinasukuma majani kama vya jana.

Ila kikonyo nachagua. Sichukui kwenye tawi lililotoka kuzaa sana au lililo kwenye maua, sichukui kwenye mti ulionyong'onyea kwa ukame. Vikonyo vya namna hiyo vinashika lakini mche unadumaa, na kiangazi cha kwanza unampoteza mteja.

#7 Msomi wa Mimea

Habari wadau. Mimi nasomea sayansi ya mimea Morogoro, kwetu ni Rungwe. Naomba nijibu swali la Mnyalu, na nimtetee mleta uzi kwa ushahidi ambao hauna vidukari wala dari la jiko.

Tatizo la viazi ni hilo alilolieleza mzee: umri, ugonjwa, joto na ukubwa vimefungwa kamba moja. Wanasayansi walitafuta mmea ambao unaweza kutenga umri peke yake. Wakaupata kwenye maji yaliyotuama. Mmewahi kuona kwenye bwawa la samaki vijani vidogo vya kijani vinavyoelea, vimefunika maji kama zulia, kila kijani ni kama ukucha wa mtoto na kina kamzizi kamoja kanakoning'inia? Vinaitwa lemna. Kila kijani ni mmea kamili. Kinazaa mabinti mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye vimfuko viwili pembeni mwake, hakihitaji dume, na baada ya majuma machache kinakufa. Mabinti wote wana vinasaba vya mama. Kinachotofautiana ni mama alikuwa na umri gani alipowazaa.

Tangu miaka ya 1940 watafiti Uingereza walikuwa wameshaona kuwa mabinti wa mwisho wanazaliwa wadogo kuliko wa kwanza. Watafiti wa Kanada wamerudia kazi hiyo karne hii, wakifuatilia kijani kimoja kimoja kila siku tangu kuzaliwa hadi kufa, na wameona kwamba mabinti wa uzeeni siyo wadogo tu, wanaishi muda mfupi zaidi na wanazaa wachache zaidi. Hakuna kirusi wala lori hapo. Ni umri wa mama tu.

Sasa jibu la Mnyalu: binti mdogo wa uzeeni, akizaa binti wake wa kwanza angali kijana, huyo mjukuu anakuwa mkubwa kuliko mama yake. Vizazi vichache mbele ukoo umerudi ukubwa wake wa kawaida. Kwa hiyo uchovu wa aina hii unarudishika, na dawa yake ni kuzaa kupitia kwa mama vijana. Uchovu wa virusi haurudi kwa njia hiyo. Ndiyo maana kuvitenganisha, kama mzee alivyofanya, ni muhimu kuliko inavyoonekana.

Kuna upande wa vinasaba pia. Mnyama anatenga mbegu zake za uzazi mapema tumboni. Mmea hautengi hivyo: ua linatoka kwenye kichomozo, ile ncha inayokua, kilekile kilichotoa majani na matawi yote. Mwaka 2015 watafiti wa India walichapisha kazi yao juu ya arabidopsisi, kammea kadogo ka jamii ya haradali kanakotumika sana maabara. Walionyesha kuwa umri wa wazazi unabadilisha kiwango cha makosa yanayotokea kwenye vinasaba vya watoto. Lakini tusiogope miti mizee kupita kiasi. Mjini Lausanne, Uswisi, kuna mwaloni uliopimwa ukiwa na miaka 234. Walilinganisha tawi la chini na la juu, wakakuta tofauti chache sana, za kuhesabika. Vichomozo vya mti vinatunza chembe zao za akiba, hazigawanyiki ovyo. Mti wa Hass wa Mama Kitalu unaeleweka kwa njia hiyo.

Na siyo kila shida ya mama ni hasara kwa mtoto. Arabidopsisi iliyolelewa kwenye chumvi ilizaa watoto wanaovumilia chumvi vizuri zaidi. Kumbukumbu hiyo haikuwa kwenye maandishi ya vinasaba, ilikuwa kwenye alama ndogo za kemikali zinazobandikwa juu yake, na ilipita zaidi upande wa mama kuliko wa baba. Watoto wakilelewa bila chumvi, wajukuu wanaisahau. Hii ilichapishwa mwaka 2016.

#8 Mbeba Jembe Mbozi

Wakuu mnazunguka sana. Mahindi nikirudia chotara yananiangusha, nanunua mpya kila mwaka, kazi imekwisha. Nunueni mbegu zilizothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, hayo ya umri wa mama mwachieni mtaalamu.

#9 Bwana Shamba Mstaafu

Mbozi, kwa mahindi uko sahihi kabisa, na sababu yake siyo uzee. Chotara kama UH6303 ni mtoto wa wazazi waliotengwa makusudi. Ukipanda punje zake, watoto wanagawana tabia kila mmoja na lake, nguvu ya chotara inavunjika msimu wa kwanza tu, hata mama awe kijana namna gani. Hilo halina tiba ya nyumbani, nunua.

Kiazi ni tofauti, kinajizaa chenyewe, mtoto ni mama. Na mbegu ya viazi iliyothibitishwa ni chache mno ukilinganisha na mashamba tuliyonayo, na ni nzito, na ni ghali kuipandisha hadi Ilembo. Anayepata gunia moja ni lazima alizalishe mwenyewe. Hapo ndipo anakuwa mtunza mama, apende asipende.

#10 Mmalila wa Ilembo

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mzee wetu, hiyo ya vidogo imenikaa moyoni. Miaka kumi na moja nilikuwa nawapeleka wazima Dar es Salaam na kuwapanda wagonjwa.

Mbozi ndugu yangu, nakuelewa, lakini hata gunia la TOSCI likishafika kwangu mmea wake wa kwanza unageuka mama. Nikimwacha azeeke na kumweka mtoto wake darini, nimepoteza hela ya kuthibitishwa kwa msimu mmoja.

Nimeanza hivi msimu huu, nawaeleza kama mtu anayejaribu. Viazi vilipoanza kutoa maua niliingia shambani na vijiti vya mianzi nilivyochonga. Ukiacha majani yafunikane huoni shina lipi ni la shimo lipi, kwa hiyo nilikwenda mapema. Kila shimo lililosimama vizuri, majani mapana, halina rangirangi ya njano na kijani, halijajikunja kama kijiko, nikalichomekea kijiti. Wiki mbili baadaye nikarudi, yaliyoonyesha dalili nikang'oa kijiti. Shimo lililonyauka ghafla majani yakiwa mabichi nikaliondoa na udongo wake, maana mnyauko wa bakteria hauna msamaha, na majirani wa shimo hilo nao nikawanyang'anya vijiti. Njia hii Kituo cha Kimataifa cha Viazi kiliisambaza Kenya, na kwenye majaribio ya wakulima wenyewe mavuno yalipanda karibu theluthi moja kuliko mbegu ya kuokotea kwenye lundo, bila kununua chochote.

Nilibaki na mashimo kama mia mbili yenye vijiti. Siku ya tisini nikayafyeka hayo peke yake, mengine yanaendelea kwa ajili ya soko. Mke wangu aliuliza mara tatu kama nina uhakika. Nikachimba shimo moja moja, na shimo lenye viazi vichache chini nikalitoa hata kama juu lilikuwa zuri. Sasa vimo kwenye kichanja, safu moja tu, vinageuka kijani. Machipukizi yaliyoanza ni mafupi, manene, rangi ya zambarau. Yale ya darini yalikuwa marefu, meupe, yakivunjika ukiyagusa.

#11 Binti Kilolo

Nimeshaanza kuchuma maganda ya chini. Swali kwa mzee: sisi huku tuna vinyungu, tunapanda viazi bondeni Julai na Agosti baridi ikiwa bado kali, umande mwingine unaganda juu ya majani. Mbegu ya kwangu natoa shamba la mlimani, nachimba Mei. Ikifika Julai nyingi ina chipukizi moja tu kileleni. Nipande hivyo, au nisubiri izeeke kidogo?

#12 Bwana Shamba Mstaafu

Swali zuri mwanangu. Iliyochimbwa Mei, Julai ndiyo kwanza inaamka. Ina faida moja kwa kinyungu chako: ni kijana, na umande ukiganda ukaunguza majani ina akiba ya kuchipua tena kutoka chini. Mzee akiunguzwa mara moja mara nyingi ndiyo mwisho wake. Hasara ni mashina machache.

Fanya hivi. Kama una majuma matatu kabla ya kupanda, vunja kwa kidole lile chipukizi moja la kileleni likiwa na urefu wa ukucha, kisha virudishe kwenye mwanga hafifu, mahali pa vuguvugu kidogo kuliko nje, siyo juu ya jiko. Macho mengine yataamka, utapata machipukizi matatu au manne mafupi. Vunja mara moja tu. Kila ukivunja unakitumia kiazi akiba yake na kukiongezea umri, na ukivunja mara ya tatu utakuwa umejitengenezea mbegu ile ya dari la Ilembo.

Na ya shamba la mlimani mwaka kesho, usingoje Mei. Hesabu siku tangu kupanda, uandike mahali. Matuta ya mbegu uyafyeke mapema majani yakiwa ya kijani, uache wiki mbili, uchimbe. Hapo mbegu yako itakuwa imelala na kuamka yenyewe kabla ya Julai, na hutahitaji kuvunja kitu.